Nyati wa Mama Hajavunja Ungo

Mama alipoambiwa kwamba nyati si mnyama wa kufugwa uani, alijibu kwamba hata marehemu baba hakuwa mtu wa kufugwa uani, na alimfuga.

Baba alikuwa askari Mkatoliki kutoka kaskazini, mrefu kama nguzo ya simu, na Kiswahili chake alikiokota kambini. Mama anatoka kwa wale Waislamu wafanyabiashara ambao mababu zao walipanda bara kutoka pwani, wakaipenda Kampala, wakasahau kurudi. Wawili hao walikutana kwenye Kiswahili kwa sababu hawakuwa na lugha nyingine ya kukutania. Nami nimezaliwa humo humo, kwenye mteremko wa Mbuya, chini kidogo ya ukuta wa makao makuu ya jeshi, nikakua nikizungumza nyumbani lugha ambayo majirani wengi waliisikia walipokuwa wakikamatwa na askari tu.

Baba alipofariki, nilikuwa nimesharudi kuishi na mama. Nilianza kugandisha mtindi jikoni na kuuza mtaani, naye mama akaendelea na sambusa zake. Mteja wake mkubwa alikuwa Mhindi mmoja mzee mwenye mgahawa. Mzee huyo alifuga nyati wachache wa maziwa kule Luzira, karibu na bandari ya Port Bell, mahali penye tope ambapo wanyama walishinda ndani ya maji mpaka puani. Hawakuwa wale nyati wa porini wanaowapandisha watu juu ya miti. Hawa walikuwa wapole, weusi tii, wenye pembe zilizolala nyuma kama nywele zilizochanwa kwa mafuta. Mzee alipoamua kwenda kuishi na watoto wake ng'ambo, dume na majike wakubwa aliwauza kwa rafiki yake mwenye shamba Mukono. Akabaki mtamba mmoja, jike ambaye hajapandwa bado.

"Huyu ni wako," alimwambia mama. "Kila ukileta sambusa unasimama kuongea naye kabla ya kuongea na mimi."

Mama alikubali hapo hapo. Mimi nilikubali baada ya kuonjeshwa maziwa ya nyati. Mtindi wake ungesimama wenyewe bila bakuli.

Tulikodi pikapu ya kumpeleka Mbuya. Nyati aliitazama pikapu, akaketi chini. Tulisukuma, tukavuta, tukabembeleza, dereva akapiga honi, naye akafumba macho kama mtu anayesikiliza redio. Mwishowe dereva akaenda zake, nasi tukaondoka kwa miguu: mama mbele na mwavuli na fungu la sukuma wiki, mchungaji wa yule mzee katikati na kamba, mimi nyuma na fimbo ambayo sikuthubutu kuitumia.

Mtaa wa Kitintale ulisimama. Vijana wa bodaboda walizima pikipiki. Mkaanga chapati mmoja alikimbia akaacha mayai yakiungua, kisha akarudi, akayageuza, akakimbia tena. Watu walipiga kelele, "Embogo! Embogo!" na mama akawa anawapungia mkono kama bibi harusi. Kwenye makutano polisi mmoja akatusimamisha.

"Mama, hii mbogo umetoa wapi?"

"Luzira."

Luzira kila mtu anajua kuna gereza. Polisi akamtazama nyati, akamtazama mama.

"Luzira gerezani?"

"Ndiyo," mama akasema. "Amemaliza kifungo chake, tunamrudisha nyumbani."

Polisi alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Halafu akaingia katikati ya barabara, akazuia magari pande zote mbili, na sisi tukavuka taratibu, nyati akiokota kofia ya watu kwa mdomo njiani. Ilibidi nikimbie kumrudishia mwenyewe, imelowa mate.

Tulipofika nyumbani, jirani yetu wa ukutani alichungulia, akapiga kigelegele, akashuka kupitia mlango wa nyuma akapiga magoti mbele ya mnyama. Jirani huyo ni Mganda wa ukoo wa Mbogo. Kwao nyati ndiye mwiko wao. Hawamli, wanamhesabu ndugu.

"Mmeniletea dada yangu," akasema.

"Huyu ametoka Uhindini," mama akamwonya.

"Basi dada yangu aliyeolewa mbali." Akainuka, akajikung'uta magoti. "Maziwa yake msinipe. Lakini mambo yake yote nishirikisheni. Mimi ndiye senga wake."

Senga ni shangazi wa upande wa baba, na kwa Waganda ndiye anayemfunda msichana mpaka anaolewa. Sote tulicheka. Jirani peke yake hakucheka.

*

Tatizo lilikuja polepole. Nyati alikula, akakua, akazoea kuitwa, akawa anamfuata mama mpaka mlangoni. Lakini mambo ya kike hayakuonekana. Mtamba akishapevuka hupata joto: anahangaika, anainua mkia, anaita, anatafuta dume. Wetu alikuwa akitafuta kivuli tu. Mvua zikaja, zikaenda. Kiangazi kikapita. Mvua zikarudi tena. Mimi nilikuwa nimeshanunua makopo ya mtindi yenye vifuniko vyekundu, na makopo yalikuwa yakinitazama.

"Hajavunja ungo bado," mama alikuwa akisema kila akiulizwa, kwa sauti ile ile aliyoitumia zamani kuhusu mimi mbele ya shangazi zangu.

Mjomba wangu, kaka yake mama, mwalimu wa madrasa mwenye duka la vitambaa, alikuwa na maelezo yake. "Ana haya," alisema huku akinywa chai. "Kalelewa katika nyumba ya heshima. Mnataka apige kelele ili iweje?"

Jirani naye alisema kuna daktari wa mifugo mstaafu anayesali naye kanisa kuu la Lubaga, mgane, mtu mtaratibu, na kwamba huyo alisomea Uhindini ujanani mwake na nyati anawajua. Mama akasema aje. Mimi ndiye niliyempigia simu, na nilipotamka neno "nyati wa maziwa" upande wa pili nikasikia kiti kinasukumwa.

Alifika siku ile ile, kabla chai ya jioni haijachemka. Alikuwa mnene kiasi, ana mvi, amevaa koti lililokuwa zuri wakati fulani. Hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja mpaka bandani, akasimama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema maneno ya Kihindi ambayo mpaka leo hataki kutuambia maana yake. Nyati akamlamba koti.

"Kutoka nimetoka India," akasema, "hii nyama sijaona tena."

"Huyu," mama akasema.

"Nini, Hajati?"

"Huyu mnyama. Sijamwona tena. Siyo hii nyama. Nyama iko buchani."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini daktari aliguna kwa furaha, kama mtu aliyekunwa mgongoni mahali asipofikia. "Huyu mnyama," akarudia. "Sijamwona tena. Asante, Hajati. Sisi Kiswahili yetu ya Kampala—"

"Chetu."

"Chetu."

Akamkagua. Alimfunua kope, akambonyeza mbavu, akamzunguka akimpima kwa kamba kifuani, akamwuliza mama maswali, na kila jibu likazaa masahihisho.

"Mnalisha yeye nini?"

"Tunamlisha maganda ya matoke."

"Na nini ingine?"

Mama akafikiri. "Na maganda ya matoke."

Daktari akacheka, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Hajati, wewe nahesabu miaka. Nyati haiko na kalenda."

"Nyati hana kalenda."

"Hana. Ana mwili. Mwili ikisema, ukisema nimetosha, ndiyo anapevuka. Hata akiwa na miaka mingi, kama mwili ni mdogo, anangoja. Ng'ombe wa kisasa atawahi. Nyati anachelewa hata kwao, ndiyo damu yake. Ukimnyima chakula, anachelewa mara mbili."

Hapo akatueleza, na mama akamsikiliza kwa namna ambayo sijawahi kumwona akimsikiliza mtu. Maganda yanajaza tumbo lakini hayajengi mwili. Alihitaji majani ya jamii ya kunde, pumba, na jiwe la chumvi yenye madini la kulamba. Kwa kuwa alitoka kwenye tope la ziwani, huenda alikuwa na minyoo ya ini, na minyoo hiyo hula kabla yake. Pia jua. Ngozi nyeusi, jasho haba. Nyati aliyechemka hafikirii ndoa, daktari alisema, anafikiria maji.

"Basi tumchimbie dimbwi," mama akasema.

"Hajati anajua chimba?"

"Kuchimba. Sijui. Wewe unajua?"

Jumamosi iliyofuata alikuja na majembe.

*

Siku ya dimbwi lile ni katika siku nzuri za maisha yangu, na sina sababu ya maana ya kulisema hilo. Tulichimba nyuma ya nyumba, mama amejifunga leso mbili, daktari amekunja suruali mpaka magotini, miguu yake imepauka kama iliyopakwa unga wa muhogo. Jirani alikaa ukutani akitoa maelekezo. Tulipofungulia bomba ili kuona kama maji yatakaa, nyati alikata kamba. Sijui aliyanusa au aliyasikia. Alipita katikati yetu kama basi, akajitupa, na tope lote likaruka juu likatushukia. Daktari hakuonekana uso. Mama alikaa chini palepale kwenye udongo, akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha tumboni kinachoanza kama kikohozi, kile ambacho sikuwa nimekisikia tangu tumzike baba, akawa anamnyooshea daktari kidole na kushindwa kusema.

Daktari alijifuta jicho moja. "Nyati imefurahi," akasema.

"Amefurahi," mama akasema kwa shida, akiwa analia kwa kicheko. "Amefurahi, mwanamume wewe, amefurahi!"

Baada ya hapo zikaja hatua nyingine. Daktari alipendekeza machicha kutoka kiwanda cha bia, zile nafaka zinazobaki baada ya kukamuliwa. Mama akasita, maana ni mabaki ya pombe, akampelekea swali mjomba. Mjomba aliyanusa machicha, akayasugua kwa vidole, akatafakari kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Pombe imekwenda kwa walevi," akatoa hukumu. "Mnyama amebakiziwa nafaka. Apewe."

Nyati alipewa. Aliipenda mno nafaka hiyo hata akawa anaimba, au ndivyo tulivyodai.

Siku nyingine daktari alitueleza habari ya misimu. Kule Uhindini, siku zikianza kufupika, nyati hujua kwamba wakati wao umefika, wakaanza kuitana. Huku kwetu kwenye ikweta jua linachomoza na kuzama saa zile zile mwaka mzima.

"Maskini," mama akasema akimkuna nyati nyuma ya sikio. "Anangoja dalili ambayo haiji."

Daktari alimtazama mama, si nyati. "Wengine wanangoja hivyo, Hajati," akasema. Sentensi nzima haikuwa na kosa hata moja. Mama akainuka akaenda kuangalia mkate jikoni.

Tena kulikuwa na gunia. Daktari alituambia kwamba mtamba asiyewahi kunusa dume hukawia, na kwamba harufu peke yake inaweza kumwamsha. Alikwenda Mukono kwa yule rafiki wa Mhindi, akaleta gunia alilolalia dume. Alilileta ndani ya gari lake dogo, madirisha yote wazi, yeye mwenyewe kichwa nje kama mbwa, kupitia katikati ya jiji. Tulilining'iniza bandani. Wateja wangu wa mtindi walianza kuagiza kwa simu. Nyati alilinusa gunia, akainua pua juu, akakunja mdomo wa juu akaonyesha fizi zake kama anayecheka, nasi tukapiga makofi.

Wakati huo mimi nilishaanza kuona mambo mengine. Mama alipaka wanja siku za Jumamosi. Mkate wa kumimina, ambao kwetu ulikuwa wa Idi, ukawa unamiminwa kila wiki. Daktari alikuwa akija Jumamosi, halafu Jumamosi na Jumatano, halafu siku yoyote, kwa maelezo kwamba alikuwa "anapita tu". Lubaga iko upande mwingine kabisa wa mji. Hakuna mtu anayepita Mbuya akitoka Lubaga isipokuwa amekusudia kwa moyo wake wote, pamoja na foleni zote za magari zilizoko katikati. Tena makosa yake ya Kiswahili yalikuwa hayapungui. Nikamsikia siku moja akizungumza na fundi bomba wetu, Mkongomani, kwa Kiswahili kilichonyooka kama rula. Mama alipotokea mlangoni, papo hapo kikapinda: "Hajati, hii bomba imeharibika!"

"Hili bomba limeharibika," mama akasema, uso unang'aa.

*

Asubuhi moja nilitoka na ndoo mapema kuliko kawaida yangu. Nikamkuta mama yuko bandani, amechuchumaa nyuma ya nyati na kitambaa na maji ya moto, anapangusa haraka haraka.

"Mama, unafanya nini?"

Akashtuka, akaficha kitambaa nyuma ya mgongo. "Naosha."

"Unaosha mkia?"

"Ni mchafu."

Lakini mimi nilikuwa nimesikiliza mafunzo yote ya daktari. Nilimtazama nyati. Mkia alikuwa ameuinua upande. Alikuwa hatulii, anakojoa kidogo kidogo, na ute mwangavu kama kioo ulikuwa unaning'inia bado mahali ambapo kitambaa cha mama hakijafika. Sauti hakutoa hata moja. Daktari alitwambia hilo pia: nyati wengi hupata joto la kimya, usipokuwa na macho hulioni.

"Mama! Amepata joto!"

"Shh!"

"Nimpigie daktari!"

"Usithubutu." Akanishika mkono. Kisha, kwa sauti ya msichana wa shule aliyekamatwa, akasema, "Siyo mara ya kwanza."

Nikaweka ndoo chini.

"Ilianza baada ya machicha," akaendelea. "Nikaona, nikaosha. Nikasema moyoni, wiki ijayo nitasema. Wiki ijayo akaleta maembe. Ningesemaje mtu ameleta maembe?" Akakikunja kitambaa, akakikunjua. "Mwanangu, huyu akishapata mimba, daktari atakuja kufanya nini huku?"

Mama ana wajukuu kwa kaka yangu. Amezika mume. Amepitia vita vilivyompata akiwa kambini na watoto wadogo. Na pale alipokuwa amechuchumaa na wanja wa jana machoni, aliogopa kwamba mwanamume mmoja mnene wa Lubaga angekosa sababu ya kuja. Nilitaka kumkumbatia, lakini nikaanza kucheka, naye akaanza kucheka, na nyati kati yetu akawa anatugeukia huyu na huyu, mkia juu, hakuna anayemhudumia.

Daktari alikuja mchana ule ule. Alikuwa akipita tu. Mama akamwambia hakuna jipya. Daktari akavaa glovu yake ndefu ya mkononi, akampima nyati kwa ndani kama alivyofanya mara kadhaa. Mimi nilisimama kando nikijikaza uso. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeyaona yale. Daktari alikuwa na mkono ndani mpaka begani, na ute ulikuwa umeshika koti lake. Akautoa mkono, akaivua glovu polepole, akaitazama mbingu.

"Bado, Hajati," akasema. "Bado kidogo."

"Pole sana," mama akasema.

"Tutavumilia."

"Tutavumilia, Daktari. Karibu mkate."

Nilikimbilia nyuma ya jiko. Nilijiziba mdomo kwa aproni nikacheka mpaka mbavu zikauma. Mama anamdanganya daktari, daktari anamdanganya mama, kila mmoja anadhani amemzidi mwenzake ujanja, na mhanga wa mapenzi yote haya ni nyati wa watu aliyesimama bandani na gunia la mgeni. Jirani akanikuta hapo. Nilimweleza yote. Nilidhani atacheka.

"Wanamfanyia hivyo dada yangu?" akasema.

*

Jumamosi ile mjomba naye alikuwapo, tumekaa barazani, mkate umekatwa. Jirani alikuja kupitia mlango wa mbele, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alivaa gomesi yake ya harusini, ile yenye mabega yaliyochongoka na mshipi wa hariri. Alipiga magoti akatusalimia kila mmoja kwa zamu, akakataa chai.

"Nimekuja kama senga," akasema. "Binti yetu amekomaa. Amekomaa zamani. Hajati anajua, kwa sababu anamwosha alfajiri. Daktari anajua, kwa sababu mkono wake ulifika. Nyinyi wawili mnamchelewesha mtoto wa watu kwa ajili ya mambo yenu. Katika ukoo wa Mbogo, hatukubali."

Mjomba alibaki na kikombe nusu ya njia. Mama alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya mtandio, mabega yanatikisika, sikujua kama analia au anacheka. Daktari alitokwa jasho mpaka kiparani.

"Unamwosha?" hatimaye akamuuliza mama.

Mama akaitikia kwa kichwa ndani ya mtandio.

"Tangu lini?"

"Tangu machicha."

"Tangu machicha!" Daktari akainuka, akaketi, akainuka. "Hata mimi nimejua tangu machicha! Nimekaa nikisema, Mungu wangu, huyu mama haoni, na mimi nimemfundisha mwenyewe. Nimejidharau kama mwalimu!"

Hapo mtandio ukashuka. Mama alikuwa anacheka, machozi yamechora wanja mpaka kidevuni. Wakatazamana. Sijui ni kwa muda gani. Mimi nilitazama mkate.

Mjomba akakishusha kikombe. "Basi," akasema kwa sauti yake ya darasani, "wapandishwe haraka." Kisha akasikia alichokisema, akakohoa. "Nyati. Nasema nyati."

Joto lililofuata tuliliona sote. Tuliita lori la kumpeleka kwa dume Mukono, tukajiandaa kwa vita vya kumpandisha, tukaita vijana wanne wenye kamba. Daktari alitupia lile gunia ndani ya lori. Nyati akapanda mwenyewe, mbio, akatangulia kumsubiri dereva. Jirani alimsindikiza mpaka barabarani akimnong'oneza mambo ya kisenga sikioni.

*

Daktari alikwenda dukani kwa mjomba kumposa mama. Mjomba alimweka kwenye kiti cha wateja, akamweleza kwamba mara ya kwanza alikataa askari, akakataa kwa ushahidi wote wa kitabu, na dada yake akaolewa vivyo hivyo serikalini, na askari akawa ndiye aliyemuuguza yeye mjomba alipovunjika nyonga. "Sitakuambia kwamba nimekubali," alimwambia. "Nakuambia nimechoka kukosea." Kisha akampimia kitambaa cha kanzu, daktari akakipokea bila kujua atakivaa wapi.

Usiku wa kuamkia siku ya ndoa sikulala vizuri kwa kumfikiria baba. Asubuhi mama alinikuta nimeshika picha yake ya kijeshi. Alikaa karibu nami kitandani.

"Baba yako alinipenda kwa kelele," akasema. "Mtaa mzima ulijua. Huyu ni wa kimya. Nilidhani wa kimya hawana kitu." Akaipangusa picha kwa leso, akairudisha ukutani mahali pake, na haijatoka hapo.

Walifunga ndoa ofisini mjini, mama na tasbihi yake mkobani, daktari na rozari mfukoni. Kila mmoja anasali kwake. Ijumaa daktari anampeleka mama msikitini na kumsubiri garini akisoma gazeti. Jumapili mama anasema anakaa nyumbani kupumzika, lakini hupika kana kwamba kanisa zima linarudi na mumewe.

Wiki ambayo nyati alitegemewa kuzaa, daktari alikokotoa, akasema bado, akampeleka mama Masaka kumwonyesha kwa ndugu zake. Safari hii alikuwa anasema kweli, ila alikosea. Nyati alianza uchungu mchana huo huo, mvua inanyesha na jua linawaka kwa pamoja. Nilikuwa peke yangu na jirani. Nilimpigia daktari, nikaweka simu juu ya ndoo, sauti juu.

"Miguu ngapi inaonekana?" ikapiga kelele simu.

"Miwili!"

"Na pua?"

"Na pua! Ipo juu ya miguu!"

"Basi usiguse! Usimguse! Anajua!" Nyuma yake nikasikia sauti ya mama, "Anasemaje? Anasemaje?" na watu wengi wa Masaka wasionijua wakiulizana kwa Kiganda nani anazaa.

Jirani alikuwa kwenye tope na gomesi yake, amemshika nyati kichwa, anamwambia asukume. Nyati akasukuma. Ndama akateleza chini, mweusi, mwenye mvuke, masikio makubwa kama majani ya magimbi. Akapiga chafya.

"Jike!" nilipiga kelele. "Ni jike!"

Simu ililipuka kwa vigelegele. Ukoo mzima wa watu wa Masaka walikuwa wakimpigia vigelegele nyati wasiyemwona, mama akipiga zaidi yao wote, na daktari akijaribu kuniambia kitu kuhusu kitovu na iodini ambacho sikukisikia. Nilikuwa nimeketi chini kwenye maji. Ndama alijiinua kwa miguu ya nyuma, akaanguka, akajiinua tena, akasimama akiyumba kama mlevi, akaja moja kwa moja kwangu badala ya kwa mama yake, akanipiga kichwa cha tumboni, akaanza kunyonya kona ya aproni.